Kasi Inayopotelea Ukutani

Malalamiko kuhusu intaneti ya nyumbani hapa Kicukiro yana sura moja, uwe Gikondo au Masaka: sebuleni inakwenda vizuri, chumbani inasuasua, na kwenye nyumba ya uani haipo kabisa. Mwenye kulalamika kwa kawaida huishia kuilaumu kampuni, kisha mwezi unaofuata analipia kifurushi kikubwa zaidi. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba katika nyumba nyingi za wilaya hii fedha hiyo ya nyongeza inatupwa. Kasi imeshafika mlangoni. Inapotea ndani, kati ya kisanduku alichokifunga fundi na simu iliyo mkononi, na inapotea kwa sababu ya uamuzi uliochukua dakika chache siku kisanduku hicho kilipofungwa. Nitakwenda mbali kidogo zaidi na kudai kwamba mahali pa kuweka ruta ni suala la ujenzi, la kuamuliwa mapema kama tunavyoamua mabomba ya maji yapite wapi kabla kuta hazijapigwa lipu.

Tuanze na umbali. Rwanda haina bahari, na kwa miaka mingi intaneti yake ilitegemea sana setilaiti, kwa bei kubwa na kwa kusubiri. Hali ilibadilika waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwezi wa Julai 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na serikali ya Rwanda ikalaza faiba yake kuunganisha wilaya na mipaka. Mwaka 2014 ikaja 4G chini ya KTRN, kampuni ya ubia kati ya serikali na Korea Telecom. Tangu 2020 faiba ya CanalBox imekuwa ikiingia majumbani mjini Kigali, na mwaka 2023 ukaleta mawili: Starlink ilianza huduma nchini mwezi Februari, na miezi michache baadaye MTN ikawasha 4G yake yenyewe. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 491,731 katika Kicukiro, na wengi wao leo wanaweza kuchagua kati ya njia zaidi ya moja ya kupata intaneti. Hilo si dogo kwa nchi iliyo mbali hivi na pwani.

Sasa fanya hesabu ndogo. Mwanga ndani ya kioo cha faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa njia ya Rusumo ni karibu kilomita 1,500, kwa hiyo ujumbe wako unaweza kwenda pwani na kurudi kwa milisekunde 15 hivi, tukiacha muda unaoliwa na mitambo ya njiani. Simu iliyo karibu na ruta huifikia kwa milisekunde 2 hadi 5. Simu hiyo hiyo ukiipeleka chumba cha mwisho, ambako mawimbi yanafika yamechoka na kila ujumbe unarudiwa mara mbili tatu kabla haujaeleweka, muda huo unaweza kupanda hadi milisekunde 100 na zaidi. Maana yake ni kwamba kuvuka korido kunamchukua mwenye nyumba muda mrefu kuliko kwenda Bahari ya Hindi na kurudi. Kifurushi kikubwa hakigusi hata kidogo kipande hicho cha safari, kwa sababu kampuni haiuzi korido.

Kwa nini mita chache ziwe ngumu hivyo? Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ni nyepesi kuliko jina lake. Zikipotea desibeli 3, nguvu imebaki nusu. Zikipotea 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Zikipotea 20, moja ya mia. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili mawimbi hupoteza desibeli 6. Ukuta wa matofali ya kuchoma hula kiasi kinachokaribia hicho kwenye masafa ya gigahazi 2.4, na hula zaidi kwenye gigahazi 5. Kwa hiyo kila ukuta unaoongeza kati yako na ruta ni kana kwamba umejiweka mara mbili mbali nayo, na kuta tatu ni mara nane. Zege lenye nondo ni balaa jingine: slabu ya ghorofa inaweza kumeza desibeli 15, 20 au zaidi, ndiyo maana katika nyumba ya ghorofa mtu wa juu anaweza kukosa kabisa kile anachokipata jirani aliye ng'ambo ya uzio. Tena kuna suala la pembe, ambalo watu hawalifikirii. Mawimbi yakiukabili ukuta wa sentimita 20 uso kwa uso, yanapita sentimita 20 za tofali. Yakiujia kwa mshazari mkali, wa digrii 60, yanalazimika kupita sentimita 40. Ruta iliyo kwenye kona ya nyumba inavikabili vyumba vingi kwa mshazari wa namna hiyo.

Nyumba zetu nazo zina tabia zake. Huku Niboye na Kagarama kuta ni za matofali ya kuchoma au ya saruji, nene na nzito. Kwenye miteremko ya Gatenga na Gikondo bado zipo nyingi za rukarakara, tofali la udongo, ambalo likiwa kavu halina ukorofi mkubwa lakini likinyonya unyevu wa masika linakuwa kizuizi, kwani maji hunywa mawimbi haya vizuri sana. Milango ya chuma, nondo na grili za madirisha, mabati ya uzio, kioo kikubwa cha kabati la nguo: vyote hivyo huyarudisha mawimbi yalikotoka. Tangi la maji likikaa kati ya nyumba kubwa na nyumba ya uani, limekaa mahali pabaya kuliko pote. Kwa upande mwingine mlango wa mbao na dari ya jipsamu havina shida, mawimbi hupita karibu bila kuvijali. Anayejua hayo anaweza kuitazama nyumba yake upya na kuona njia ambazo macho hayakuzoea kuziona, hasa korido, ambayo milango ya vyumba vyote inaitazama.

Lakini ruta zetu haziko koridoni. Ziko kwenye kona ya sebule iliyo karibu na nguzo ya barabarani, kwa kuwa hapo ndipo waya ulipofika kwa urahisi. Fundi ana nyumba nyingine za kufunga siku hiyo, ana waya wa kiasi fulani, na hakuna aliyemwambia kwamba mtoto husomea chumba cha nyuma. Anatoboa tundu moja, anaweka kisanduku chini ya televisheni, kando ya dekoda, anapima kasi akiwa amesimama palepale, anaonyesha namba nzuri, anaondoka. Hajadanganya mtu. Namba ni ya kweli, ila ni ya pale aliposimama yeye. Baada ya hapo mwenye nyumba hufanya kosa la pili kwa mikono yake: waya unaharibu sura ya sebule, taa zinawakawaka usiku, watoto wanachokonoa, kwa hivyo ruta inaingizwa ndani ya kabati au inasukumwa nyuma ya televisheni, ambako karatasi pana ya chuma inaikinga upande mzima. Na kwa kuwa ipo chini sakafuni, makochi, friji na watu wenyewe wanasimama njiani. Kuipandisha tu mpaka juu ya kimo cha mtu ni bure, na mara nyingi kunaleta nafuu kubwa kuliko kifurushi kipya.

Hapa hoja ya kifurushi inahitaji kuangaliwa kwa makini, maana ndipo pesa inapokwenda. Mazungumzo ya video yenye picha safi hayahitaji hata megabiti 4 kwa sekunde. Filamu ya Netflix yenye ubora wa juu wa kawaida inahitaji 5, na ile ya ubora mkubwa kabisa 15. Nyumba ya watu watano yenye faiba ya megabiti 50 ina akiba ya kutosha, ikiwa megabiti hizo zinafika zinakotakiwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba hata aliye sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye ruta, wakati mwingine naye hukwama, na hilo huonekana kama ushahidi kwamba tatizo liko nje. Si lazima. Waifai haizungumzi na vifaa vyote kwa pamoja. Kwenye chaneli moja, anazungumza mmoja na wengine wanangoja. Simu iliyo uani, inayopokea mawimbi hafifu, hulazimika kuongea polepole ili ieleweke. Ikiwa simu ya sebuleni inatuma faili kwa megabiti 300 kwa sekunde na ile ya uani kwa megabiti 6, faili lile lile linamshikilia kila mtu mara 50 zaidi. Nyumba nzima inalipia kona yake mbaya kuliko zote. Ndiyo maana kuongeza nguvu pale ilipo nzuri tayari hakusaidii, na kuitengeneza kona moja mbovu kunaweza kuwafurahisha hata wale ambao hawajawahi kuingia huko.

Kuna watakaosema kwamba nazitetea kampuni. Pingamizi hilo ni la haki, kwa sababu kampuni nazo hukosea na nyaya hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini kusini mwa bara hili, na intaneti ikayumba kuanzia Tanzania hadi huku kwetu. Siku ile hakuna ruta yoyote, hata ingewekwa wapi, ingemsaidia mtu. Pia kuna saa za jioni ambapo mtaa mzima umerudi nyumbani na njia ya pamoja inajaa. Swali ni namna ya kutenganisha kosa la nje na la ndani, na jibu lake halihitaji mtaalamu. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, pima kasi asubuhi na jioni. Ikiwa kwa waya kasi ni mbovu, una haki ya kuigombeza kampuni, na mamlaka ya udhibiti, RURA, ipo kwa ajili ya malalamiko ambayo kampuni haiyajibu. Ikiwa kwa waya kasi ni nzuri na chumbani ni mbovu, simu utakayoipiga huduma kwa wateja itakupotezea dakika tu. Simu nyingi za Android zinaweza pia kuonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: karibu na 50 ni safi sana, 67 ndiyo mpaka ambao wapangaji wa mitandao huutumia kwa mazungumzo ya sauti na video, na ukifika 80 tegemea sauti kukatika na uso wa unayezungumza naye kuganda mdomo wazi. Tembea na simu nyumba nzima ukiandika namba hizo, chumba kwa chumba, na utakuwa na ramani ambayo fundi hakukupa.

Wengine wanawalaumu majirani, na hawa wana hoja yenye nguvu zaidi kuliko wanavyodhani, hasa kwenye majengo ya ghorofa kama yale ya Busanza ambako familia nyingi zimepangana juu na chini. Masafa ya gigahazi 2.4 yana chaneli nyingi kwenye orodha lakini ni tatu tu zisizokanyagana: ya 1, ya 6 na ya 11. Mtu anayejiona mjanja akachagua ya 3 kwa kuwa haoni mtu humo, anawasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na wao wanamsumbua yeye. Oveni ya maikrowevu nayo inafanya kazi kwenye masafa hayo hayo. Dawa yake ni kuhamishia simu na kompyuta kwenye gigahazi 5, ambako nafasi ni pana, na ambako kuta, ambazo tumezisema vibaya tangu mwanzo, angalau zinamzuia jirani asiingie. Kwa wakazi wa Kanombe na Nyarugunga naongeza neno moja. Sehemu ya chaneli za gigahazi 5, zile za kati ya 52 na 144, zinatumiwa pia na rada, na sheria za kimataifa zinaitaka ruta inyamaze na kuhama pindi inaposikia rada, kisha isikilize chaneli mpya kwa walau sekunde 60 kabla ya kuitumia ikiwa nayo ni ya kundi hilo. Uwanja wa ndege ukiwa jirani, na ruta yako ikawa na tabia ya kuzimika bila sababu kisha kurudi, ipangie chaneli ya 36 hadi 48 na uone.

Dukani watakuuzia dawa rahisi zaidi: kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani, kinachoitwa kiongeza mawimbi. Kinafanya kazi, lakini si kazi inayotangazwa. Hakiongezi kitu, kinasikiliza na kurudia. Watu hukichomeka kwenye chumba kisicho na mawimbi, ambako kinasikia vibaya na kurudia vibaya, badala ya katikati ya njia ambako bado kinasikia vizuri. Na vile vya bei ndogo, vyenye redio moja, hupokea na kutuma kwenye chaneli ile ile, hivyo kasi inashuka kwa nusu kabla hujaanza. Kwa mpangaji asiye na namna nyingine, heri nusu shari kuliko shari kamili. Ila ajue anachokinunua. Ruta yenye antena nane ndefu ni kishawishi cha aina hiyo pia. Hata kama inapaza sauti mara mbili, simu yako haikupata sauti mpya: inatuma kwa makumi machache ya miliwati kama jana, na mazungumzo ni ya pande mbili. Utaona alama zote za waifai zimejaa juu ya kioo na ukurasa haufunguki, kwa sababu ruta unaisikia na yenyewe haikusikii.

Pingamizi zito zaidi kwa ushauri wa kuweka ruta katikati ya nyumba linatoka kwa wazazi: je, si hatari kuwaweka watoto karibu na mionzi? Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni mdogo. Kundi hilo lina pia dondoo la jani zima la mshubiri. Kilicholeta uamuzi ule kilikuwa hasa tafiti za simu inayoshikiliwa sikioni. Ruta ya nyumbani hutuma kwa takriban sehemu moja ya kumi ya wati, na nguvu inayokufikia inapungua kwa kasi kubwa kadiri unavyosogea: mita 2 badala ya nusu mita ni sehemu moja ya kumi na sita tu. Mzazi mwenye wasiwasi ana haki ya kutoiweka juu ya kitanda. Ila aifikirie simu kwanza. Simu iliyo mahali penye mawimbi hafifu hutuma kwa muda mrefu zaidi, ikirudiarudia, na simu ndiyo inayolazwa kifuani. Kuificha ruta mbali hakumpunguzii mtoto kitu. Kunaweza hata kumzidishia.

Milima yetu inaongeza ugumu kwa wale wasio na faiba, wanaotumia ruta za 4G zenye laini ndani yake. Kifaa hicho kina mahitaji mawili yanayogombana. Kwa upande wa mnara, kinataka dirisha linalotazama upande wa mnara, na kwenye mteremko ulioupa mnara kisogo hilo linaweza kuwa dirisha moja tu katika nyumba nzima. Kwa upande wa vyumba, kinataka katikati. Hakiwezi kuwa kote, kwa hiyo ukikiweka dirishani umechagua kuwa na intaneti nzuri isiyofika chumbani. Njia ya kutoka hapo ni kuvitenganisha vitu viwili: kinachozungumza na mnara kikae dirishani au nje chini ya paa, kisha waya ulete intaneti ndani kwenye ruta ya waifai. Setilaiti ya Starlink ina tatizo hilo hilo. Sahani juu ya mabati inaona mbingu yote, halafu ndani kuna kuta zile zile za jana. Na mvua, ambayo kila masika hupewa lawama, haina uwezo wa kuyazuia mawimbi yanayosafiri mita kumi ndani ya nyumba. Inayumbisha setilaiti, inakata umeme na ruta inazimika, inalowesha tofali la udongo, na juu ya mabati inapiga kelele kiasi kwamba hata mazungumzo yenye mawimbi safi hayasikiki.

Tumeanza kulitaja neno waya, na ndilo jibu ninaloliamini. Faiba hupoteza chini ya nusu desibeli kwa kilomita nzima. Kwa hiyo mita 20 zaidi za faiba, kutoka kona ya sebule hadi koridoni, hazigharimu chochote kinachopimika, wakati ukuta mmoja tu unakula desibeli 5 au zaidi. Siku ya kufungiwa mwambie fundi aurefushe waya, mradi tu usikunjwe kwa pembe kali, na umlipe mita zile za ziada akikudai. Kama faiba imeshafungwa mahali pabaya, waya wa kawaida wa mtandao hubeba kasi kamili hadi mita 100, na ruta ya pili mwishoni mwake ni bora kuliko kiongeza mawimbi chochote. Kwenye nyumba ya uani uwe mwangalifu. Rwanda ni nchi ya radi, na waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unaweza kuyaletea mshtuko unaounguza vifaa vya pande zote mbili. Kati ya majengo, faiba ni salama zaidi, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Ukilazimika kutumia shaba, ifungwe na kinga ya radi na mtu anayejua kazi yake.

Watasema teknolojia inakimbia, tungoje. Lakini inakimbilia upande usiotusaidia. Waifai ya kizazi cha 6E, iliyotangazwa mwaka 2020, na ile ya 7 iliyofuata, zinapata kasi yake kubwa kwenye masafa ya gigahazi 6, ambayo yanashindwa na kuta zaidi kuliko 5, kama 5 inavyoshindwa zaidi kuliko 2.4. Kila kizazi kipya kinakuwa na kasi zaidi ndani ya chumba kimoja na kudhoofika zaidi nje yake, kwa hiyo kila kizazi kinataka ruta zaidi, na kila ruta inataka waya wake. Anayejenga sasa Masaka au Gahanga, ambako viwanja vinajaa nyumba mpya, anaijengea nyumba yake miaka thelathini ya vizazi hivyo.

Kwake yeye gharama ni ya bomba la plastiki la nyaya, kabla ya lipu: moja kutoka ukuta wa mbele hadi katikati ya korido, karibu na dari, penye soketi ya umeme, jingine kutoka hapo hadi ghorofani kupitia slabu kabla zege halijamwagwa, la tatu chini ya ardhi hadi nyumba ya uani, likiwa mbali na nyaya za umeme. Mwenye nyumba ya kupangisha anaweza kuuliza kwa nini agharimie intaneti ya mtu mwingine. Haombwi kulipia intaneti, anaombwa tundu. Asipolitoa, kila mpangaji atalitoboa la kwake kwa drili, mahali anapoona yeye, na akihama anaacha ukuta wenye matundu na waya uliokatwa. Lililo bora ni mkataba wa pango useme wazi bomba liko wapi na kwamba nyaya zote zipite humo. Fundi naye aachwe na agizo moja asilisahau: atakapopitisha waya wa kwanza, aache ndani ya bomba kamba ya nailoni iliyofungwa ncha zote mbili, maana waya huo utabadilishwa, na wa kuuvuta huo mpya huenda asiwe yeye.